UZI: Mishale ya mbao inaenda kushoto tu, nichague spaini gani kwa upinde wa paundi 45?

Nyundo_Tisa (Arusha)

Wakuu habari za jioni. Humu kuna watu wa kila aina so naamini sitakosa wa kunisaidia.

Kuna jamaa alirudi toka majuu akaniachia upinde wake, ni ule mrefu wa mbao una fiberglasi mbele na nyuma, hauna saiti (kifaa cha kulengea), hauna madude yoyote pembeni, ni upinde na uzi wake basi. Umeandikwa 45 kwa inchi 28, yaani ukiuvuta inchi 28 unavuta nguvu ya paundi 45. Mishale nikaagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni, ya mbao, imeandikwa 55-60, urefu inchi 29, ncha za mbele greni 100 (kama gramu 6 na nusu). Muuzaji akanambia chukua migumu kuliko upinde ndo usalama.

Natumia mkono wa kulia. Sasa mishale inaenda kushoto. Sio mmoja mmoja, ni yote. Mita 15 nalenga katikati unatua kushoto kiganja kizima na zaidi, na mingine nasikia kabisa "ta!" inagonga ubavu wa upinde ikipita. Nikilenga kulia inakubali, ila nikirudi nyuma mita 25 hesabu yote inavurugika naanza upya. Je namba ya mshale inatakiwa ilingane na ya upinde au vipi? Na hiyo spaini wanayoandika ni kitu gani hasa maana kila mtu ananijibu kivyake.

Mtazamaji_Sugu

Mkuu digidigi wa huko wamekukosea nini 😂 Navuta kiti hapa, ngoja waje wajuzi.

Kidole_Gumba

Lenga kulia tu mkuu utazoea, mimi mwaka wa pili nalenga kulia.

BoksiOregon (Oregon, Marekani)

@Nyundo_Tisa mishale yako ni migumu mno kwa huo upinde, na muuzaji alikupa ushauri wa kuuzia stoki iliyomlalia. Na wewe @Kidole_Gumba acha kumpoteza mwenzio.

Spaini ni kipimo cha mshale unapinda kiasi gani ukibebeshwa uzito. Kwa mishale ya mbao utaratibu uliozoeleka ni huu, fimbo ya mshale unailaza juu ya vigingi viwili vilivyoachana inchi 26, unaning'iniza uzito wa paundi 2 katikati, unapima imezama inchi ngapi. Halafu 26 gawa kwa hicho ulichopata, jibu ndo spaini. Ikizama inchi 0.52 ni 50. Ikizama 0.65 ni 40. Kwa hiyo kwa mbao namba kubwa ni mshale mgumu. Hizo "paundi" wanaziita hivyo kwa sababu zamani mshale wa 50 ulikuwa unategemewa kukubaliana na upinde wa 50, lakini hayo makubaliano yalikuwa ya upinde wa aina fulani, uzi wa aina fulani, ncha ya uzito fulani na mshale wa inchi 28. Ukibadilisha kimoja hapo mkataba umevunjika.

Sasa kwanini kushoto. Upinde wako hauna tundu katikati, mshale unakaa pembeni, kushoto kwa mshikio, wakati uzi unasukuma kuelekea katikati ya upinde. Ukiangalia kwa akili ya kawaida mshale ulitakiwa kuruka kushoto siku zote. Hauruki kwa sababu unapinda. Ukiachia, uzi unateleza pembeni ya vidole, mshale unapigwa nyuma wakati mbele bado pazito, unajikunja upande huu, unajikunjua, unajikunja upande wa pili, na katika huko kujikunja unauzunguka mshikio na mkia unapita bila kugusa. Mwanafizikia mmoja wa Marekani, Clarence Hickman, alikuja kuthibitisha hili miaka ya 1930 kwa kamera ya kasi, kabla ya hapo watu walikuwa wanabishana tu. Mshale mgumu haukunjiki vya kutosha, kwahiyo upinde unausukuma nje, kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia. Mshale laini unakunjika kupitiliza unaishia kulia. Ile "ta!" unayosikia ni mkia wa mshale unabamiza mbao.

Nipe vitu vinne nikupe hesabu. Mkono wako unavuta inchi ngapi kwa kweli (sio ilivyoandikwa kwenye upinde), uzi ni wa aina gani, kikalio cha mshale (pale mshale unapokaa pembeni ya mshikio) kimechongwa kuingia ndani kiasi gani, na hizo ncha ni greni 100 kweli au umeambiwa tu.

Fundi_Sefu (Tanga)

Boksi kamaliza, mi naongeza la karakana. Mshale ukitoka unaenda kama mkunga majini, na ndo inavyotakiwa, asiyejua akiona video ya pole pole anadhani mshale mbovu.

Hicho kipimo cha inchi 26 usikiogope mkuu, unakitengeneza nyumbani. Chukua ubao, gongea misumari minene miwili iliyoachana sentimita 66, iwe laini juu isikwaruze. Chupa ya maji jaza mpaka mizani ya dukani isome gramu 907, hiyo ndo paundi 2, pamoja na chupa na kamba yake. Pima wano (fimbo kabla ya kutiwa ncha na manyoya) limezama milimita ngapi, halafu chukua 660 gawa kwa hizo milimita. Basi. Likizama 12 ni 55, likizama 16 na nusu ni 40.

Ila rula ya shule itakudanganya, maana hapo katikati milimita moja tu inakuruka paundi nne hivi. Nenda kwa fundi wa mashine akuazime ile geji ya saa, au kama huna tengeneza kielekezi chepesi cha mbao kama kile cha mizani ya zamani, upande mmoja mfupi unagusa wano, upande wa pili mrefu mara kumi unasoma kwenye karatasi. Milimita moja inakuwa sentimita moja, hata mtoto anasoma.

Na ugeuze wano. Mbao ina mistari ya miaka, pima mistari ikiwa imelala na ikiwa imesimama, utapata namba mbili tofauti. Ya kutumia ni ile ambayo utaitazamisha kwenye upinde, nakuja hapo baadae nipo kazini.

Mtazamaji_Sugu

Fundi mfano wako wa mkunga umenifanya nitamani chakula. Endeleeni.

Nyundo_Tisa (Arusha)

Asanteni sana. @BoksiOregon uzi naambiwa ni Dacron, mnene kiasi. Kikalio kimechongwa lakini hakijafika katikati ya upinde, kimebaki kama milimita 3. Ncha sina mizani ya kupimia vitu vidogo hivyo. Urefu wa kuvuta sijui, navuta mpaka kona ya mdomo, mimi sio mrefu.

MwendeWaMwala (Machakos)

Sasa hapo ndio shida iko. Hujui unavuta ngapi, na watu wote mnarukia mshale. Chukua mshale mrefu, weka alama za kalamu kila nusu inchi, vuta mpaka kwa mdomo vile wewe huvuta ukiwa umechoka, sio vile huvuta ukipigwa picha, halafu mwambie mtu asome alama iko wapi mbele ya upinde. Usiachilie uzi bila mshale tafadhali, utapasua huo upinde.

Ukishajua, chukua ile mizani ya ndoano ya kupima mizigo ya ndege, ningʼiniza upinde kwa uzi, vuta mpaka hiyo alama usome. Upinde kama huo wako kila inchi moja ni karibu paundi mbili na nusu mpaka tatu. Mimi nilimwona mtu kwa klabu hapa Nairobi anasema ana upinde wa 50, tukampima anavuta 41 bana! Amekuwa akinunua mishale ya 55 na kulaumu upepo.

Na kitu ingine, kama kuna mtu anasoma huu uzi na anatumia mishale ya kaboni asichanganye namba. Kaboni wanapima kwa inchi 28 na uzito wa paundi 1.94, na wanaandika vile imezama, so 500 inamaanisha imezama nusu inchi. Huko namba kubwa ni mshale laini, kwa mbao namba kubwa ni mshale mgumu. Wueh hiyo imechanganya watu!

Nyundo_Tisa (Arusha)

Dada Mwende heshima yako. Nimempata dogo wa jirani kanisomea alama. Ni inchi 26, nikijitutumua ndo 26 na nusu. Mizani ya begi inasoma kilo 18 na vipointi. Kwahiyo upinde wangu wa 45 ni wa 40 tu??

BoksiOregon (Oregon, Marekani)

Ndo hivyo, kwa mkono wako huo ni upinde wa 40. Sasa twende.

Unaanzia 40. Mshale wa kawaida wa hesabu ni inchi 28 toka kwenye noki (pale uzi unapoingia) mpaka mwanzo wa ncha, ncha greni 125. Kila inchi inayozidi hapo mshale unakuwa laini zaidi, watu wanahesabu kama paundi 5 hivi, ukipunguza inchi unakuwa mgumu zaidi kwa kiasi hichohicho. Ncha ikizidi greni 25 mshale unakuwa laini kwa paundi 5 hivi tena. Uzi wa Dacron unavutika, hauongezi kitu, ungekuwa na zile nyuzi za kisasa zisizovutika kama Fast Flight ningekwambia panda paundi 5 maana zinapiga mshale kwa ghafla zaidi. Na kikalio chako hakijafika katikati, hapo shuka kidogo tena kwa sababu mshale unatakiwa ujikunje zaidi kuzunguka mbao. Upinde wa kijadi kabisa ambao hauna hata kikalio, mshale unapita juu ya kidole, watu wanashuka mpaka 10 chini ya uzito wa upinde.

Kwahiyo wewe ni mtu wa 40-45 kwa inchi 28 na ncha 125, na nisingeshangaa ukaishia 35-40. Hao waliokupa 55-60 na ncha nyepesi ya 100 wamekukosea pande zote mbili, maana ncha nyepesi inazidisha ugumu. Ile inchi moja ya ziada ndo kitu pekee kinachokusaidia kwenye hiyo mishale, USIIKATE.

Hizi paundi 5 5 nilizoandika ni za kuanzia tu, zinakupeleka jirani. Nyumba yenyewe unaitafuta kwa kupiga.

Kaka_Haydom (Mbulu)

Mnanichekesha ndugu zangu. Mimi nimekulia huku, Yaeda Chini sio mbali, Wahadzabe wanapiga ndege juu ya mti na hakuna mmoja ana mizani ya begi wala misumari ya sentimita 66. Anakata chipukizi porini, analibandua ganda, analipasha moto kwenye majivu, ananyoosha kwa meno, anafunga manyoya, kesho anatoka nalo. Mtoto wa miaka mitatu ana upinde wake mdogo. Nyinyi mnagawa 660 kwa milimita. Mshale unajulikana kwa mkono.

Fundi_Sefu (Tanga)

Kaka unajulikana kwa mkono wa nani? Huyo mzee wa Yaeda mkono wake umeshika mawano tangu hajaota meno ya pili. Upinde kachonga mwenyewe, mshale kachonga mwenyewe, wa kwake peke yake, ukienda vibaya anaukwangua kidogo au anaugeuza wa kupigia ndege wadogo. Kipimo anacho, kipo kwenye vidole. Nyundo_Tisa kaletewa upinde wa mtu mwingine na mishale ya kiwanda, vidole vyake bado havijui kitu, ndo maana tunampa misumari.

BoksiOregon (Oregon, Marekani)

Na chipukizi sio sawa na fimbo ya dukani. Chipukizi nyuzi zake zinaenda toka chini mpaka juu bila kukatwa, na kwa asili ni nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Mshale uliopungua unene kuelekea nyuma unasamehe zaidi, mkia unapita upinde kirahisi na unatulia mapema. Fimbo ya dukani imetolewa kwenye ubao mkubwa, msumeno haujui nyuzi zinaelekea wapi. Halafu hao jamaa wengi wanapiga karibu na wana manyoya ya kutosha. Ila Kaka_Haydom sikupingi, mi nadhani tunasema kitu kimoja, wao wanachagua mshale mmoja mmoja, sisi tunanunua dazeni tukidhani yote ni ndugu.

Huku nilipo ndo nyumbani kwa ule mwerezi wa Port Orford ambao ulitawala mishale ya mbao karne iliyopita. Unaota kipande kidogo tu cha dunia, kusini magharibi mwa Oregon na kaskazini mwa California. Mbao nyepesi, imenyooka, ukivunja inanukia tangawizi fulani hivi. Ile mikubwa ya zamani ilivunwa sana, mingi ikauzwa Japani, na kuna ugonjwa wa mizizi umeipiga vibaya, kwahiyo siku hizi watu wanageukia sprusi, paini na ile mbao ngumu zaidi ya Douglas fir. Maduka mazuri yanakuuzia kwa makundi, 40-45, 45-50, na ndani ya dazeni uzito hautofautiani zaidi ya greni 10, yaani gramu 0.65. Ukiuziwa "55-60" na mtu asiyekuwa na kipimo, hiyo ni namba ya kuandikwa kwenye boksi.

MwendeWaMwala (Machakos)

@Kaka_Haydom hata huku Ukambani wazee walikuwa hivyo, na mshale wa Mkamba ulikuwa na kichwa cha kuchomoka, cha chuma chenye sumu, kimefungwa ngozi ili sumu isikauke na isimkwaruze mwenyewe. Ebu fikiria uzito wa mbele hapo. Ukichukua huo mshale ukatoa kichwa ukaweka kancha ka greni 100 utaenda kushoto mpaka kwa jirani. So wazee walikuwa wanajua ncha na fimbo ni kitu kimoja, hawakuwa wananunua kando kando.

Sahii uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, sisi tunapiga shabaha tu, na watu wakituona wanadhani ni mambo ya kale wakati Shehzana Anwar alibeba bendera yetu Rio 2016 na upinde. Wa kisasa lakini, kaboni na saiti, sio hii yetu ya kuhesabu chupa za maji.

Kidole_Gumba

Swali la mwanafunzi, mimi navuta kwa kidole gumba mtindo wa wapanda farasi, mshale unakaa kulia kwa upinde. Hayo mambo ya kushoto ni mgumu yananihusu?

BoksiOregon (Oregon, Marekani)

Geuza kila kitu. Kwako mgumu unaenda kulia, laini kushoto. Ndo maana nilikushangaa, mwaka wa pili unalenga kulia maana yake yako inaenda kushoto, maana yake yako ni LAINI, na ulikuwa unamshauri mwenye migumu. 😂

Kidole_Gumba

Nimenyamaza.

Nyundo_Tisa (Arusha)

Wakuu nimerudi na majibu. Nimetengeneza kile kipimo cha Fundi, geji nimeazima gereji. Mishale yangu ya "55-60" mgumu kuliko wote ni 66, laini kuliko wote ni 48. Dazeni moja hiyo! Na nimepimia kwenye mizani ya sonara, ncha ni greni 100 kweli, ila mishale yenyewe inatofautiana mpaka greni 60.

Nikachukua mitatu laini, 48, 49 na 50, nikaipiga peke yake. Imesogea, sasa inatua kushoto vidole vitatu tu na ile "ta" imepungua. Ila kuna kitu sielewi, nilisoma mahali ujaribu mshale usio na manyoya, nikatoa manyoya kwenye ule wa 66, ukaenda KULIA. Si mlisema mgumu unaenda kushoto?

BoksiOregon (Oregon, Marekani)

Hapo umekutana na uongo maarufu wa mchezo huu. Mshale mgumu kupita kiasi mkia wake unabamiza mbao kwa nguvu, unarushwa pembeni, pua inageukia kulia, unasoma kama laini. Watu wengi wanafika hapo wanaongeza ugumu, wanazama zaidi. Dalili ni ile sauti, na ukipaka poda ya mtoto au chaki kwenye ubavu wa upinde utaona alama ambapo mkia unagonga. Ukiona alama matokeo hayo usiyaamini.

Fanya hivi. Kwanza juu na chini. Weka alama ya kukalisha noki kwenye uzi, juu kidogo ya usawa wa kikalio, nusu inchi hivi, maana mkia ukiwa chini unagonga kikalio na kuvuruga kila kitu. Usiguse kushoto na kulia mpaka juu na chini pametulia. Kisha chukua ule wa 48, toa manyoya, upige pamoja na yenye manyoya ya ugumu uleule, mita 10 tu. Usiende mbali, mshale wa mbao usio na manyoya ukitua kiubavu unavunjika. Wa uchi ukitua kushoto kwa wenye manyoya bado ni mgumu, weka ncha ya 125, kisha 145, kisha 160. Ukianza kutua pamoja nao simama hapo. Mshale mmoja usikutishe, piga mpaka uone mwelekeo, siku ya kuchoka usijaribu kabisa kwa sababu mkono ukiachia vibaya unaleta kushoto yake mwenyewe.

Ukiwa na mawano mapya ndo rahisi zaidi, unaanza na marefu, laini, unakata robo inchi kwa robo inchi mpaka yanakubali. Ukishakata umekata, kwahiyo kata moja kwanza, mengine yasubiri.

Fundi_Sefu (Tanga)

Na ile migumu usitupe. Ugumu wa wano unafuata unene kwa kipeo cha nne, yaani unene ukipungua kidogo ugumu unaporomoka. Wano la 11/32 ni kama milimita 8.73. Likishushwa kwa msasa mpaka 8.33, sio hata nusu milimita, ugumu unapungua kama asilimia 17. Lako la 57 linakuwa 47. Uzito unapungua kama asilimia 9 tu. Funga kwenye drili, zungusha taratibu, msasa namba 120 kisha 220, pima kila baada ya dakika moja, usijiamini. Nyuma pale kwenye inchi tisa za mwisho unaweza kupunguza zaidi ukapata ile hali ya chipukizi aliyosema Boksi.

Ile niliyoahidi, mistari ya miaka. Tazama mwisho wa wano utaona mistari inakatiza. Noki unaikata ikatize hiyo mistari, sio iende nayo, ukiikata iende nayo uzi siku moja utapasua wano kama kuni. Ukifanya hivyo ule upande wenye mistari mingi iliyobanana ndo unatazama ubavu wa upinde, ndo upande mgumu, na ndo huo niliokwambia upime. Mishale yote ielekee hivyo, ukichanganya unakuwa na dazeni ya mishale kumi na mbili tofauti hata kama kipimo kilisema ni sawa.

Halafu angalia mistari kwa urefu. Ikitoka pembeni ya wano kabla ya kufika mwisho, hapo ndo litakapovunjikia, na likivunjika wakati unaachia kipande cha nyuma kinaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Nimeona picha za hiyo kitu sitaki kuzielezea wakati watu wanakula. Kila mshale kabla ya kupiga uupinde kidogo kwa mikono ukisikiliza, ukilia "kri" unaenda jikoni.

Kaka_Haydom (Mbulu)

Hapo kwenye kuupinda ukisikiliza, sasa fundi unaongea lugha yangu.

Mtazamaji_Sugu

Fundi mbao gani ya kwetu inafaa? Maana mwerezi wa Oregon na bei ya dola...

Fundi_Sefu (Tanga)

Paini ya Sao Hill inatumika lakini chagua sana. Inakua haraka, pete zake ni pana na laini, na vifundo vingi. Tafuta ubao uliokaa, pete zimebanana, hauna kifundo sentimita 80 mfululizo, na usikate kwa msumeno, PASUA kwa shoka dogo ufuate nyuzi halafu ndo uchonge na kuzungusha. Unapoteza mbao nyingi ila unachobakiwa nacho kimenyooka. Mkole wale wa porini wanautumia kwa nyuta na mishale na ni mzuri, ni fimbo ya kukata sio mbao ya kupasua, mzito zaidi, ukaushe kivulini ukiwa umefungwa bando. Mbao nyepesi sana inabidi iwe nene ndo ifikie ugumu. Kule kwenye meli ya Waingereza iliyozama 1545, Mary Rose, walipoiibua 1982 walikuta maelfu ya mishale na mingi ni ya mpopla, mbao laini, lakini minene kama nusu inchi, maana nyuta zao zilikuwa za paundi mia na kupanda.

Na huku pwani unyevu. Wano lisilopakwa kitu linakunywa hewa, linapinda, linakuwa zito, spaini inashuka. Vanishi mikono miwili mitatu, mpaka ndani ya noki.

MwendeWaMwala (Machakos)

Uzito pia msisahau. Upinde wa jadi unataka mshale wa kama greni 8 mpaka 10 kwa kila paundi, so Nyundo wa 40 asishuke chini ya greni 320, na 400 ni poa zaidi, upinde unanyamaza. Ukisagwa sana na msasa angalia usipite hapo. Manyoya chukua ya bawa moja, kushoto yote ama kulia yote kwa mshale mmoja, ukichanganya yanapigana. Na manyoya makubwa yataficha spaini mbaya, mshale utafika lakini umechelewa na umechoka, so usifurahie mapema juu ya manyoya.

Nyundo_Tisa (Arusha)

Mrejesho. Ncha ya greni 100 nimetoa, nimeweka 145 kwenye ile mitatu. Wa uchi na wenye manyoya mita 10 wanatua pamoja, tofauti ni upana wa kidole na haina upande. Mita 25 nalenga katikati inaenda katikati, sijalenga kulia tena. Sauti imeisha, poda niliyopaka ubavuni haijaguswa. Ile ya 55 hadi 58 nimeanza kuipiga msasa, mmoja nimeupitisha ukafika 41, nimeuweka kando kwa ajili ya ncha ya 100 nione.

Ile ya 60 kwenda juu nampa jamaa yangu anavuta 52 kwa inchi 28, naye yake nimeipima ni 44, atakuwa anajua sasa kwanini inaenda kulia.

@Fundi_Sefu mawano kumi na mawili ya 40-45, urefu nipe inchi 30 nitakata mwenyewe, unene 5/16 au 11/32?

Fundi_Sefu (Tanga)

11/32 kwa paini, 5/16 kwa paini ya huku nikikupa 42 itakuwa nimekudanganya. Nitakutengenezea ishirini uchague kumi na mbili, yaliyobaki nirudishie. Kila moja nitaandika namba yake na uzito kwa penseli karibu na noki, usifute. Njoo inbox tuongee nauli ya basi.

Kidole_Gumba

Fundi na mimi, ya gumba, mgumu kidogo. Upinde ni wa 35, navuta inchi 30.

Fundi_Sefu (Tanga)

Umepima au imeandikwa?

Kidole_Gumba

...naenda kuazima mizani ya begi.